Kabla hujailaumu glezi

Bakuli limerudishwa. Limewekwa mezani likiwa bado kwenye gazeti, na aliyelinunua wala hajakasirika. Anauliza tu: "Hivi hii mistari ni urembo, au limepasuka?" Ndani, kwenye glezi ya rangi ya asali, yaani kile kioo chembamba kinachofunika udongo, kuna nyufa nyembamba zilizotapakaa kama utando wa buibui, na chai ya maziwa imeshazichora kahawia. Ukiligonga kwa ukucha, halitoi ule mlio mkali wa chombo kilichoiva. Mlio wake ni mzito, unakufa hapo hapo.

Siku lilipotoka tanurini halikuwa na hata ufa mmoja.

Hilo ndilo lililonikaa kichwani wiki zote hizi. Glezi inayopasuka tanuri linapopoa hujitangaza yenyewe: vyombo vinalia ting, ting, wakati mwingine hadi kesho yake, na unajua una kazi ya kufanya. Lakini chombo kinachotoka kizima, kikakaa rafuni, kikauzwa, kikaoshwa mara nyingi, halafu kikapasukia nyumbani kwa mtu, hicho kinauliza swali jingine.

Wafinyanzi wa nyumbani tuna jibu la haraka: badilisha glezi. Punguza hiki, ongeza kile, au achana nayo ununue ya kopo. Kwa mazingira ya Dodoma, nadhani jibu hilo mara nyingi linabisha hodi nyumba isiyo yake. Glezi ndiyo inayoonekana, basi lawama zote inabeba yenyewe, hata za udongo, za maji na za umeme.

Mzani na sufuria

Glezi ni kioo. Hainyonyi maji na haivimbi. Udongo uliochomwa lakini haukuiva sawasawa una vijitundu visivyoonekana, na kupitia kisigino cha bakuli kisicho na glezi unanyonya unyevu kila linapooshwa. Ukinyonya, unatanuka kidogo sana, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Kioo kilichoushikilia kinavutwa. Kioo kinavumilia sana kubanwa, lakini kuvutwa hakiwezi.

Kwa hiyo nyufa zinazokuja baada ya wiki au miezi zinakuelekeza kwenye udongo kwanza, na udongo unapimika kwa vifaa vya jikoni.

Chukua kipande cha udongo ule ule, kisicho na glezi, kilichochomwa kwenye rafu ile ile na vyombo. Kipime kingali kikavu kwenye mzani wa kidijitali unaosoma gramu moja au chini yake. Kichemshe kwa muda wa saa tatu hadi tano, maji yakifunika kipande muda wote, kisha kiache humo humo hadi asubuhi. Kitoe, kifute kwa kitambaa chenye unyevu ili maji ya juu tu yaondoke, kipime tena. Toa uzito wa kwanza kwenye wa pili, gawanya kwa uzito wa kwanza, zidisha kwa mia.

Kipande cha gramu 200 kikirudi na gramu 218, kimenyonya asilimia 9.

Kwa chombo cha chakula kinachodai kuwa kimeiva, ningependa kuona chini ya asilimia 3, na kwa kikombe chini ya 2. Vyombo vya moto mdogo, vya nyuzi 1,060 hivi, vitanyonya tu zaidi ya hapo. Hivyo vinaweza kuishi bila nyufa endapo glezi yake imetengenezwa ibanwe kwa nguvu na udongo wakati wa kupoa. Kwa hiyo njia ziko mbili: iva vizuri, au bana vizuri. Ukikosa zote mbili, unauza chombo chenye tarehe ya kupasuka.

Kupandisha joto si jibu jepesi

Mtu akisikia "haujaiva" anakimbilia kuongeza moto. Hapo ndipo mimi nasita.

Udongo mwekundu wa kwetu una chuma kingi, na chuma, pamoja na chumvichumvi za asili zilizomo, huuyeyusha mapema. Ukiuchoma kwenye nyuzi 1,060 unabaki na matundu. Ukiupeleka 1,220 kama udongo wa kununua, unaweza kuvimba malengelenge, kupinda, au kuyeyuka na kushikana na rafu. Katikati kuna mahali pazuri, na pengine ni padogo: nyuzi 20 au 30 tu kati ya kunyonya sana na kuanza kupinda.

Huwezi kupakisia. Tengeneza vipande vyembamba vya urefu wa sentimita 12, upana wa 2 na unene wa nusu. Kwenye kila kimoja, kikiwa kibichi, chora mstari wa milimita 100 kamili. Viweke juu ya vigingi viwili vya udongo ili katikati kuwe hewani, na chini yake weka kigae cha kutupa, kisije kikayeyukia kwenye rafu yako. Choma kimoja hadi 1,060, kingine 1,100, kingine 1,140, kingine 1,180. Kila milimita iliyopungua kwenye mstari ni asilimia moja ya kusinyaa. Kipande kilicholegea katikati kimepita mpaka. Kilichonyooka lakini kinanyonya asilimia 9 hakijafika.

Ikiwa pengo ni dogo mno, badilisha udongo wenyewe. Feldispa, unga wa mwamba unaoyeyuka kwa moto, ya asilimia 5 hadi 10 huusaidia kuiva bila kupandisha joto. Kaolini, udongo mweupe kama ule wa Pugu, hufanya kinyume: huuongezea uvumilivu wa moto, udongo ukaacha kupinda, lakini pia huuchelewesha kuiva. Wapo wanaoongeza kaolini ili chombo kiwe cheupe na "imara", wakaendelea na joto lile lile la zamani. Matokeo yake ni chombo kizuri machoni kinachokunywa chai pamoja na mgeni.

Namba kwenye skrini

Hapa ndipo swali la bakuli linapohama kutoka kwenye udongo na kuingia kwenye tanuri. Kama udongo ni ule ule na programu ni ile ile, kwa nini bakuli la rafu ya juu limeiva na la chini halikuiva?

Kihisi joto kinapima hewa ya pale kilipo, basi. Rafu ya chini, karibu na sakafu na mbali na kihisi, inaweza kuwa imebaki nyuma kwa nyuzi 20 au zaidi. Kumbuka lile pengo dogo la udongo mwekundu.

Na zaidi ya hapo, kuiva ni kazi ya joto na muda kwa pamoja. Ndiyo maana koni za kupimia zipo: vipande vidogo vilivyochongoka ambavyo huinama vikishapata joto la kutosha. Kwa koni kubwa za kampuni ya Orton, koni namba 6 huinama karibu na nyuzi 1,222 ukipanda nyuzi 60 kwa saa mwishoni, lakini ukipanda 150 kwa saa haiinami hadi karibu 1,243. Koni ni ile ile, kazi ni ile ile, namba zimepishana kwa zaidi ya nyuzi 20.

Weka koni kwenye kila rafu: mbele, nyuma, chini, juu. Si mara moja tu, ni kila uchomaji, mpaka utakapoijua tabia ya tanuri lako. Ziwe tatu kwa pamoja: ya joto unalolitaka, moja ya chini yake na moja ya juu yake. Ile ya chini iwe imelala kabisa, ya katikati ncha yake iguse karibu na rafu, ya juu iwe imeinama kidogo tu au bado imesimama. Vihisi vya aina ya K, ambavyo ndivyo vilivyo kwenye matanuri mengi madogo, huchakaa kwa joto na kuanza kusoma vibaya. Koni ikisema moja na skrini ikasema lingine, amini koni.

Volti zilizopungua

Sehemu hii naiandika polepole, maana ndiyo iliyobadilisha mawazo yangu kuhusu matatizo mengi yanayoitwa ya glezi.

Tanuri limetengenezwa kwa volti 230. Nguvu ya koili, zile waya za kupashia joto, haipungui sawasawa na volti. Inapungua kwa kipeo chake cha pili. Volti zikishuka hadi 200, gawanya 200 kwa 230, kisha zidisha jibu kwa lenyewe: unapata kama 0.76. Umepoteza robo ya nguvu kwa kupoteza volti 30 tu. Taa ndani ya nyumba bado zinawaka, redio inaongea, hakuna anayelalamika. Tanuri peke yake ndilo linalojua.

Kinachotokea baada ya hapo kina sura mbili, na zinapingana.

Kama tanuri bado lina uwezo wa kufika kileleni, litafika kwa kuchelewa. Saa tatu za mwisho zinakuwa tano, joto linafanya kazi zaidi ya ulivyopanga, na glezi inatiririka hadi kwenye rafu hata kama skrini inaonyesha namba sahihi. Lakini kama nguvu haitoshi, joto linakwama. Pale 1,090, pale 1,110, halisogei. Vidhibiti vingi vikiona hivyo vinaonyesha hitilafu na kuzima. Ukikuta tanuri limezima asubuhi, vyombo vinang'aa vizuri tu, maana glezi yenye boroni huyeyuka mapema kuliko udongo kuiva. Unavifungasha, unauza.

Bakuli la chai limetoka huko.

Pima. Mwite fundi umeme kama hujazoea, maana hii si kazi ya kujifunzia. Volti zipimwe kwenye vituo vya tanuri lenyewe, pale waya unapoungwa, kwanza likiwa limezimwa, kisha likiwa limewaka kwa nguvu zote. Tofauti kati ya namba hizo mbili ikiwa kubwa, kosa liko kwenye nyaya zako: waya mwembamba, waya mrefu mno, au skrubu iliyolegea. Tanuri la kilowati 6 linavuta karibu ampea 26. Linataka waya wake peke yake wa milimita 6 za mraba au zaidi kutegemea umbali, na swichi yake ya kukata umeme. Penye skrubu iliyolegea utaona plastiki imebadilika rangi, na ukinusa kuna harufu ya kuungua. Namba zikiwa chini hata tanuri likiwa limezimwa, tatizo linatoka kwenye laini ya mtaani.

Kisha, umeme ukiwa umekatwa kwenye swichi kuu, pima ukinzani wa koili kwa multimita. Kwa kilowati 6 na volti 230, jumla inapaswa kuwa karibu omu 8.8. Koili zinavyozeeka ukinzani unapanda, na ukifika asilimia 10 zaidi, yaani kama 9.7, ni wakati wa kubadilisha. Badilisha seti nzima. Koili mpya moja katikati ya kuukuu inakupa tanuri lenye ukanda mmoja wa moto na mingine ya baridi, umerudi pale pale.

Jioni, kuanzia saa moja hadi saa nne usiku, watu wamerudi majumbani, majiko na pasi viko kazini, na volti ndipo zinaposhuka. Kwa hiyo panga uchomaji urudi nyuma kutoka kileleni. Washa kama saa tano usiku ili joto la mwisho liangukie kati ya saa kumi alfajiri na saa moja asubuhi. Ni saa mbaya kwa mtu, lakini ni nzuri kwa koni. Na uwepo kileleni, macho yako yakiwa na miwani ya kuchomelea. Usichungulie tundu la tanuri kwa macho matupu.

Uniti zikiisha, umeme ukikatika

Tanuri la kilowati 6 likifanya kazi kwa wastani wa asilimia 70 ya muda, kwa saa 8, linakula uniti kama 34. Weka 60 kwenye LUKU, mita ya malipo ya kabla, kabla hujawasha, ukihesabu na friji ya nyumbani.

Umeme ukikatika, ziba matundu yote, usifungue mfuniko hata kidogo, andika saa na joto. Chini ya nyuzi 900 kwenye uchomaji wa glezi, ukirudi unaendelea tu. Ukikatika juu, kwa mfano 1,120, na kurudi tanuri likiwa 950, panda kwa kasi hadi pale ulipoachia, halafu ongozwa na koni, si saa. Sehemu kubwa ya kazi hufanyika kwenye nyuzi 100 za mwisho, kwa hiyo muda uliopotea huku chini hauna uzito mkubwa. Ukikatika wakati wa kupoa, acha.

Vilivyokwisha pasuka

Vinaweza kuchomwa tena? Ndiyo, na nyufa zitafungwa, kwa muda. Kama udongo haukuiva na ukarudia joto lile lile, zitarudi. Ukipandisha joto, glezi inaweza kutiririka, kwa hiyo jaribu kimoja, juu ya kigae cha kutupa, koni ikiwa pembeni, kisha pima unyonyaji wa kipande kilichochomwa pamoja nacho.

Jambo moja watu hulisahau. Chombo kilichotumika kimejaa maji ndani ya udongo, na glezi imeyafungia njia. Kiache juani siku mbili tatu, kisha kishikilie tanurini kwenye nyuzi 85 kwa saa kadhaa. Dodoma iko mita kama 1,120 juu ya usawa wa bahari, na maji hapa huchemka karibu na nyuzi 96, si 100. Programu iliyoandikwa kwa watu wa pwani, ya kushikilia 95, kwetu inagusa mchemko. Hiyo inahusu pia vyombo vibichi kwenye uchomaji wa kwanza, ule wa kabla ya glezi, hasa vinene.

Pale ambapo kweli ni glezi

Udongo umeiva, unyonyaji ni mdogo, koni zimelala kama zilivyotakiwa, na bado nyufa zipo. Sasa ni haki kuigeukia glezi.

Glezi inayopasuka hivyo inasinyaa kuliko udongo wakati wa kupoa. Sodiamu na potasiamu, zinazotoka kwenye feldispa, ndizo zinazozidisha kusinyaa. Silika, madini yaliyo kwenye mchanga, hupunguza. Pima mafungu manne ya gramu 100 za glezi kavu. La kwanza liache lilivyo. La pili liongeze gramu 5 za unga laini wa silika, la tatu 10, la nne 15. Unga uwe uliosagwa kupita chekecho la matundu 200 kwa inchi. Mchanga wa korongoni, hata ukiutwanga, hautayeyuka. Vaa barakoa nzuri ya vumbi unapopima, na meza ifute kwa kitambaa kibichi, usifagie. Vumbi la silika likiingia kwenye mapafu halitoki.

Paka vigae vya udongo wako, choma pamoja. Vilivyotoka vizima vipe mtihani: usiku kucha kwenye friza, kisha moja kwa moja kwenye maji yanayochemka, mara tatu mfululizo. Paka wino, futa. Mstari ukibaki, hakijafaulu. Glezi ikianza kuwa nzito na kufifia kabla nyufa hazijaisha, silika imefika mwisho wake. Hapo punguza feldispa na uweke friti (kioo kilichosagwa) yenye boroni badala yake.

Usivuke upande wa pili lakini. Glezi iliyobanwa mno hubanduka vipande vyenye makali kwenye ukingo na kwenye mikono ya vikombe. Kipande hicho kinaweza kuingia kwenye uji wa mtoto. Nyufa ni aibu, kubanduka ni hatari.

Udongo wa mbuga

Kuna kubanduka kwingine ambako kunafanana na huko lakini hakuhusiani na glezi hata chembe. Wiki moja au mbili baada ya kuchoma, kigae kidogo kinaruka kutoka ubavuni mwa chombo, pamoja na glezi yake. Chukua lenzi, angalia chini kabisa ya shimo. Ukiona doa jeupe kama chembe ya chumvi, umempata mhusika: ni chokaa.

Maeneo makavu ya kati, kuelekea Bahi na Manyoni, yana chokaa nyingi ardhini, na vijiwe vyake huchanganyika na udongo wa mabondeni. Tanurini, kuelekea nyuzi 900, kijiwe hicho hutoa hewa ya kaboni na kubaki chokaa hai. Baadaye kinanyonya unyevu wa hewa, kinavimba, kinasukuma. Ndiyo maana msimu wa mvua unapoanza Desemba, vyombo vilivyokaa salama tangu Septemba vinaanza kuruka vigae.

Kabla hujabeba kiroba, dondoshea siki udongo mkavu. Ukitoa povu, kuna chokaa. Loweka wote hadi uwe uji, pitisha kwenye chekecho la matundu 80 kwa inchi. Chembe zilizopita hapo ni ndogo kiasi cha kutosumbua, na kwenye moto mkubwa huyeyuka ndani ya udongo. Vyombo vya moto mdogo ambavyo tayari unavishuku, vikishapoa vizamishe majini vishibe kabisa. Chokaa inalowa yote kwa mkupuo mmoja na madhara hupungua.

Udongo mweusi wa mbuga unakuja na mabaki ya mimea pia. Vunja kipande cha uchomaji wa kwanza: ukiona moyo mweusi katikati, kaboni haikuungua, na itatokea baadaye kama vitundu kwenye glezi. Kati ya nyuzi 700 na 900 panda taratibu, acha matundu ya hewa wazi, shikilia nusu saa karibu na 870. Usirundike vyombo vikabanana. Vitundu vikiendelea, kwenye uchomaji wa pili shuka nyuzi 50 kutoka kileleni na ushikilie hapo nusu saa, glezi ipate muda wa kuziba.

Upepo wa Julai

Kiangazi cha Dodoma hukausha bakuli upande mmoja kabla ya chakula cha mchana. Ukingo unasinyaa, kitako bado kibichi, ufa unaanza. Hauonekani mpaka glezi imepita juu yake.

Hapa kucha yako ni kipimo kizuri. Pitisha kwenye ukingo wa ufa. Kama glezi ya kwenye ukingo ni laini, imeviringana, ufa ulikuwepo kabla glezi haijayeyuka: ni kukausha, au kupanda haraka kwenye uchomaji wa kwanza. Kama ukingo ni mkali wa kukata, ufa umekuja wakati wa kupoa, mara nyingi karibu na nyuzi 573 ambapo silika ya asili hubadilika umbo ghafla na kusinyaa. Wa kwanza unautibu kwa nailoni na gazeti, kwa kukaushia ndani ya chumba kisicho na upepo, na kugeuza chombo juu chini ukingo ukishashika. Wa pili, kwa kuacha tanuri lifungwe hadi lishuke chini ya nyuzi 100. Ni vigumu kusubiri, najua.

Upepo huo huo huvuta chumvi. Maji yanayotoka haraka kwenye ukingo huziacha pale, ukungu mweupe ambao baada ya moto unakataa glezi. Udongo wenye chumvi uloweke kwa maji mengi, uache utulie, mwaga maji ya juu, rudia mara mbili.

Ndoo yenyewe

Maji ya visima vya huku ni magumu, na mengine yana chumvi. Yakiingia kwenye ndoo ya glezi, chembe za udongo zinashikana, glezi inakuwa nzito kama uji wa muhogo bila kuwa na unga wa kutosha ndani yake. Unaongeza maji ili ilegee. Ikipakwa inakauka na kusinyaa sana, inapasuka kabla ya moto, na tanurini inajikunja na kuacha mabaka ya udongo mtupu. Kujikunja huko kuna visababishi vingine vya kuangalia kwanza, navyo ni vya kawaida: vumbi kwenye chombo, mafuta ya vidole, glezi nene, au kaolini mbichi zaidi ya asilimia 20 kwenye fomula. Kama ni kaolini, choma nusu yake kwanza hadi nyekundu ya moto ndipo uichanganye.

Usipime glezi kwa kidole. Pima kwa mzani: lita moja ya glezi ya kuchovya, nyingi zinakaa vizuri kati ya gramu 1,400 na 1,500. Ikiwa nzito mkononi lakini mzani unasema 1,350, tatizo ni maji. Weka matone machache ya silikati ya sodiamu, kimiminika cha kulegeza glezi, koroga, subiri dakika tano kabla ya kuongeza tena. Ukizidisha, unga utazama chini na kugandamana.

Njia safi zaidi ni kuikorogea glezi kwa maji ya mvua. Kinga kutoka kwenye bati, lakini mvua ya kwanza iache ipite na vumbi lake la miezi saba. Chuja kwa kitambaa, funga dumu, andika juu yake "glezi" ili asije mtu akaoshea vyombo.